Mzee Anachelewa Kujibu, Hajapotea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ubongo na Kasi ya Kufikiri Uzeeni

Nilifundisha baiolojia sekondari hapa Moshi mpaka nikastaafu. Siku hizi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wazee wa mtaani kwetu tunakutana kwenye ukumbi wa usharika. Tunapimana presha, tunakunywa chai ya tangawizi, kisha maswali yanaanza. Mengi hayatoki kwa wazee wenyewe, yanatoka kwa watoto wao waliowasindikiza. Nimechoka kuyajibu upya kila mwezi, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Mimi si daktari, na pale panapohitaji daktari nimesema hivyo.

Shikamoo mwalimu. Mama ana miaka 71. Ukimuuliza jambo anakaa kimya kidogo, halafu anajibu sawasawa kabisa. Ameanza kuugua?

Marahaba. Kwa maelezo hayo peke yake, hapana. Umeshajijibu mwenyewe uliposema "sawasawa". Kuchelewa ni jambo moja na kukosea ni jingine, na hapa kwetu watu wanayachanganya kila siku. Mama anayekumbuka deni la mwenye duka, jina la mke wa binamu yako na siku ya kikao cha harusi, ila anahitaji sekunde chache zaidi ya wewe, yumo ndani ya uzee wa kawaida. Kupungua kwa kasi ya kufikiri ni mojawapo ya mabadiliko yanayoonekana mapema na kwa watu wengi zaidi, hata kwa wenye afya njema.

Sasa ni kitu gani hasa kinachopunguza kasi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo mnivumilie.

Ubongo una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi. Ukiukata, unaona rangi mbili. Nje kuna ganda la kijivu, ambamo vimo viini vya seli za neva. Ndani kuna sehemu kubwa nyeupe. Ile nyeupe si kijazio: ni nyuzi, mamilioni kwa mamilioni, zinazobeba ishara kutoka eneo moja la ubongo hadi jingine. Weupe wake unatokana na mayelini, utando wa mafuta unaozungushiwa uzi ili ishara isivuje njiani.

Mtu aliyekulia kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani kwa Wachagga, atanielewa haraka nikisema mfongo. Mfereji wetu wa asili ukiwa umezibwa vizuri kwa udongo na majani ya migomba, maji ya kutoka mlimani yanafika kwako mapema na yakiwa mengi. Ukiachwa bila kukarabatiwa, maji yanafika bado, lakini kidogo na kwa kuchelewa, kwa sababu yamenywewa na ardhi njiani. Mayelini ndiyo ule udongo wa kuziba. Tofauti yake si ndogo: neva zenye mayelini nene kabisa mwilini hupitisha ishara kwa kasi inayofika takribani mita 120 kwa sekunde, wakati zisizo na mayelini hupitisha kwa mita 2 au chini ya hapo.

Umri unapokwenda, mayelini hulegea na kuachia mahali mahali. Mwili unajitahidi kuikarabati. Lakini watafiti waliochunguza bongo za kima wazee waliona kwamba vipande vya mayelini vilivyotengenezwa upya ni vifupi kuliko vya awali, na uzi wenye vipande vifupi vingi hupitisha ishara polepole zaidi. Na nyuzi zenyewe zinapungua. Watafiti wa Denmark waliopima bongo za marehemu, wakachapisha matokeo mwaka 2003, walikadiria kwamba nyuzi zenye mayelini kwenye ubongo wa mwanamume wa miaka 20, ukiziunganisha, zina urefu wa kilomita 176,000 hivi, yaani zingeizunguka dunia zaidi ya mara nne. Kati ya miaka 20 na 80 urefu huo hupungua kwa karibu asilimia 45.

Mara ya kwanza kusoma namba hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Baadaye nikajiambia, kama karibu nusu ya mifereji inaweza kukauka na bado bibi akakueleza ukoo wote hadi kizazi cha sita, basi aliyeijenga mifereji hiyo aliiweka ya akiba.

Si wanasema seli za ubongo zinakufa maelfu kwa maelfu kila siku?

Wanasema. Ila katika uzee usio na ugonjwa, idadi ya seli za neva haipungui kwa kiasi kikubwa kama tulivyofundishwa zamani, na mimi ni mmoja wa waliofundisha hivyo, naomba radhi kwa wanafunzi wangu. Zipo takribani bilioni 86, hesabu iliyofanywa na timu ya mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, mwaka 2009. Kinachobadilika zaidi ni matawi ya seli, maungio yake, na hiyo sehemu nyeupe.

Ubongo unasinyaa kweli?

Kweli, kidogo kidogo. Baada ya miaka 40 ujazo wake hupungua kwa takribani asilimia 5 kila muongo, na mwendo huo huongezeka baada ya 70. Haupungui sawa kila mahali. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo hupanga mambo, huamua na kuzuia mdomo usiropoke, ndiyo huathirika mapema. Ndiyo pia iliyochelewa kukomaa ujanani. Daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo nalo huchakaa zaidi upande wake wa mbele kuliko wa nyuma. Maeneo ya kuona yaliyo kisogoni hubaki imara muda mrefu.

Wanajuaje yote hayo bila kumfungua mtu kichwa?

Kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku. Kuna namna ya kupiga picha kwa MRI, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, inayofuatilia jinsi chembe za maji zinavyotembea ndani ya ubongo. Uzi ukiwa mzima, maji hufuata urefu wake. Ukiwa umechakaa, maji husambaa huku na huku. (Nimerudi tena kwenye mfereji, mnisamehe.) Kutokana na hapo mtaalamu anakadiria hali ya kila njia ya nyuzi, kisha analinganisha na kasi ya mtu kwenye majaribio.

Na uhusiano wenyewe umethibitishwa, au ni nadharia tu?

Umethibitishwa, lakini usiutie chumvi. Mfano mzuri unatoka Scotland. Mwaka 1947 karibu watoto wote wa huko waliozaliwa 1936, waliokuwa shuleni, walifanyishwa mtihani mmoja wa akili. Karatasi zikahifadhiwa. Karibu miaka 60 baadaye, watafiti wa Edinburgh waliwatafuta waliokuwa hai wakiishi maeneo ya jirani, wakapata 1,091, wakawapima tena wakiwa na umri wa miaka 70 hivi, na baada ya miaka michache wengi wao wakapigwa MRI. Waliokuwa na sehemu nyeupe iliyo katika hali nzuri, ubongo mzima kwa jumla na si njia moja tu, walichakata habari haraka zaidi, na kasi hiyo ndiyo iliyoelezea sehemu ya tofauti zao za akili kwa ujumla.

Ninachokipenda zaidi ni kile mtihani wa utotoni ulichoonyesha: sehemu kubwa ya tofauti kati ya wazee hao ilikuwepo tangu wakiwa na miaka 11. Kwa hiyo usimpime baba yako kwa kumlinganisha na mzee jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa.

Lakini kumbuka: muundo wa ubongo unaeleza sehemu tu ya kasi ya mtu. Hakuna daktari anayeweza kutazama picha akakwambia, "Huyu ni mzito wa kufikiri."

Kwa nini kasi ipungue halafu kumbukumbu nayo ionekane kuyumba?

Timothy Salthouse, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa maelezo yake mwaka 1996 ambayo bado yanatumika. Kufikiri ni hatua nyingi, na hatua ya mwisho inahitaji matokeo ya zile za mwanzo. Chukulia unamenya ndizi za machalari peke yako kwa ajili ya wageni 50. Ukienda polepole mno, unapofika ya mwisho ile ya kwanza imeshakuwa nyeusi. Hujasahau kumenya, wala kisu hakijapotea. Ni kwamba muda umepita kabla vitu vyote havijakutana kwenye sufuria.

Ndiyo maana mzee anaposomewa namba ya simu kwa haraka anashika nusu yake. Isome polepole, ataishika yote.

Kasi huanza kushuka umri gani?

Inategemea unapima nini. Majaribio ya kubonyeza kitufe huonyesha watu wakianza kuchelewa tangu miaka ya 20. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya milioni 1, wakatenganisha mambo matatu: kasi ya kufikiri kwenyewe, tahadhari kabla ya kujibu, na muda wa jicho na mkono kufanya kazi. Waligundua kwamba kuchelewa kwa watu wa makamo kunatokana zaidi na tahadhari na mkono. Kasi ya kufikiri yenyewe ilibaki juu hadi karibu miaka 60.

Sitini, umri uleule wa kustaafishwa kwa lazima. Nadhani ni bahati tu, lakini iliniuma.

Kasi inapimwaje? Bibi yangu hakusoma, anaweza kupimwa?

Jaribio maarufu ni hili: unapewa jedwali linalooanisha tarakimu na alama, kisha unajaza alama nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 90 au 120. Ni zuri, ila linampendelea aliyezoea kalamu. Mpe bibi aliyeuza ndizi soko la Mbuyuni miaka 40 karatasi hiyo, ataonekana mzito. Mpe noti ya elfu kumi akupe chenji, utaona nani mzito.

Tatizo hili lilishughulikiwa hapahapa kwetu. Wilaya ya Hai, ukitoka Moshi kuelekea Arusha, ni mojawapo ya sehemu za Afrika zilizochunguzwa kwa kina zaidi kuhusu akili za wazee. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji mtu ajue kusoma wala kuandika. Mzee hukumbuka orodha ya maneno kumi, hutaja wanyama, na hupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Hakipimi kasi moja kwa moja, kinatafuta dalili za ugonjwa, lakini kilionyesha kwamba mtu anaweza kupimwa akili bila kuaibishwa na kalamu.

Je, mwisho wa wote ni ugonjwa wa kusahau?

Hapana. Katika utafiti uliofanyika vijijini huko Hai na kuchapishwa mwaka 2013, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa. Baada ya kurekebisha kwa umri, waliokadiriwa kuwa na ugonjwa huo walikuwa asilimia 6.4. Wengine wote walikuwa wazee tu.

Mwenye kichwa kikubwa anafikiri haraka?

Hapana. Swali lijalo.

Mbona baba anachelewa kwenye simu lakini kwenye bao hakamatiki?

Kwa sababu bao analocheza halianzi sifuri. Raymond Cattell alieleza mwaka 1963 kwamba akili ina pande mbili: ile ya kutatua jambo jipya papo hapo, na ile iliyolimbikizwa. Ya kwanza inategemea sana kasi na hushuka mapema. Ya pili, yaani msamiati, ujuzi wa kazi, kujua watu, huendelea kupanda hadi miaka ya 60 na hata zaidi. Baba hahesabu kete kama wewe. Anaitambua hali, ameshaiona mara elfu. Simu mpya ni jambo jipya, na mpangilio wake hubadilishwa kila anapouzoea. Hata mimi hiyo simu inanitoa jasho.

Daktari ameandika kwenye majibu ya MRI kuna "madoa meupe yanayolingana na umri". Nihofu?

Usihofu, lakini usiyaweke kabatini ukasahau. Madoa hayo ni ya kawaida sana baada ya miaka 60. Wataalamu huyapanga kwa daraja kuanzia 0 hadi 3, mfumo wa tangu 1987. Madogo yaliyotawanyika mengi hayana kishindo. Yakiwa makubwa na yaliyoungana, huambatana na kasi ndogo ya kufikiri, kutembea kwa kusuasua na hatari kubwa zaidi ya kiharusi.

Yanatoka wapi? Sehemu nyeupe hupata damu kupitia mishipa mirefu myembamba inayotoka juu ya ubongo na kuzama ndani. Iko mwisho wa mfereji. Na kila mtu wa kwetu anajua aliye mwisho wa mfereji ndiye wa kwanza kukosa maji. Presha ya miaka mingi hukakamaza mishipa hiyo, kisukari na sigara vikasaidia kazi. Kwa hiyo ukiona maneno hayo kwenye majibu, muulize daktari swali moja: presha yangu ikoje?

Basi tufanye nini?

Presha kwanza. Nairudia kila mwezi mpaka wananiita Mzee Presha. Mwaka 2019, utafiti mkubwa wa Marekani kwa watu wa miaka 50 na zaidi wenye presha ulionyesha kwamba waliodhibitiwa hadi namba ya juu iwe chini ya 120 waliongezeka madoa meupe machache kuliko waliolengwa chini ya 140. Si kwamba yaliisha, yaliongezeka polepole. Hilo halimaanishi ujiongezee vidonge: mzee akishushwa presha kupita kiasi anaanguka. Lengo lako lipange na daktari. Lakini yule anayekunywa dawa akijisikia kichwa kinauma tu, na kuacha akijisikia vizuri, anajidanganya. Presha haiumi.

Pili, kutembea. Mwaka 2011 wazee 120 waligawanywa. Kundi moja likatembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu liliongezeka kwa asilimia 2 hivi, wakati la waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu lilipungua. Hiyo ni kumbukumbu, sijasema kasi. Ila moyo na mishipa ni ileile. Anayeishi Kibosho au Marangu kapewa mazoezi na mlima bure, na bado utamkuta anasubiri bodaboda apande kilometa moja.

Kuna vidonge vya kuongeza akili vinauzwa stendi.

Acha hapo hapo stendi.

Na michezo ya akili kwenye simu?

Itakufanya uwe hodari wa michezo hiyo. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi, matokeo yake ya kwanza yakitoka 2002, liliona kwamba waliofundishwa kasi waliongezeka kasi, waliofundishwa kumbukumbu wakaongezeka kumbukumbu, na kila kundi likabaki na lake. Ukipenda, cheza. Bao barazani lina faida ya ziada: unabishana na watu.

Mbege je?

Kidogo sikukuu, sawa. Unywaji mzito wa miaka mingi huharibu sehemu nyeupe, iwe mbege, bia au gongo.

Nizungumze vipi na mzee aliyepungua kasi?

Uliza jambo moja, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi vijana wa zamani tumelelewa kwa salamu ndefu, za kuuliza nyumbani, mifugo na mvua, na nadhani salamu hizo zilimpa mzee muda wa kuweka ubongo sawa kabla ya jambo lenyewe kuletwa.

Niliwahi kumpeleka dada yangu mkubwa, miaka 78, kwenye ofisi fulani ya huduma mjini. Binti wa kaunta alimuuliza maswali matatu kwa pumzi moja: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Dada alikuwa bado anavuta la kwanza. Binti akanigeukia mimi: "Babu, huyu anaelewa kweli?" Dada, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa maisha yake yote, akamtajia namba ya kitambulisho yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa mpangilio, bila kutazama kadi. Kisha akasema, "Nilikuwa naanza na jina."

Punguza pia redio. Na hakikisha anasikia: wazee wengi wanaoitwa wazito ni viziwi kidogo tu, nguvu yote inaishia kwenye kulitambua neno.

Lini nimpeleke hospitali?

Leo hii, usisubiri kesho: mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno hayatoki. Hicho ni kiharusi.

Ndani ya wiki: kasi imeshuka ndani ya siku au majuma badala ya miaka. Inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona baada ya msiba, au dawa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mafua na za usingizi alizonunua mwenyewe, maana baadhi hulegeza ubongo wa mzee kuliko zinavyokufanya wewe.

Panga miadi: anapotea njia anayoijua, anauliza lilelile mara nne ndani ya saa moja, ameshindwa kupika alichopika miaka yote, hesabu za duka haziendi. Hapo si kasi tena.

Baba ana miaka 74 na bado anataka kuendesha mwenyewe kutoka Arusha kuja Machame Krismasi. Tumzuie?

Msimzuie kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa. Kaa naye kiti cha mbele safari moja ya mchana. Tazama kama anabaki kwenye njia yake, kama anaona bodaboda inayochomoza kushoto, kama anafunga breki mapema au anashtuka. Kapime macho yake. Halafu pangeni aondoke saa moja asubuhi badala ya usiku, tarehe 22 badala ya 24 ambapo barabara nzima inakimbizana. Wangu mimi waliniwekea masharti hayohayo mwaka jana. Nilinuna mpaka Boma Ng'ombe, kisha nikanyamaza, maana tulifika kabla ya chakula cha mchana.